Matanga ya Sikio la Taifa

Hapo zamani zisizo mbali sana palikuwa na nchi ambayo jina lake limesajiliwa, na aliyelisajili hajatoa ruhusa litumike, kwa hiyo tutaiita nchi. Ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa, mawaziri wengi na bwawa moja. Watu wake walipenda wali, hawakukosa msibani, na katika kusema ya jirani walikuwa hodari kama watu wa kwenu.

Zama za mababu, habari katika nchi hiyo haikuwa na mwenyewe. Mfalme akitaka jambo lijulikane alimtuma mpiga mbiu na pembe yake, na la mgambo likilia watu walijua lina jambo. Asipotaka lijulikane, lilijulikana vilevile, tena mapema zaidi. Kisima kikikauka, aliyekiona alisema, na wenzake wakaenda kuchota kwingine. Wataalamu wa leo wanakiita kipindi hicho Enzi ya Wizi.

Kisha likaja gazeti. Bwana Faraji Mtawanya alianzisha Tarumbeta kwa mashine moja ya chapa iliyopiga kelele kuliko habari zenyewe. Aliweka waandishi bandarini, mahakamani na hospitalini, na akalipia simu za ng'ambo ili wasomaji wajue huko nani kampindua nani. Gazeti shindani, Kengele, halikuwa na mwandishi hata mmoja. Lilikuwa na mtu wa kuamka mapema. Huyo alinunua nakala moja ya Tarumbeta alfajiri, na jua lilipofika utosini Kengele lilikuwa mitaani na habari zilezile na makosa yaleyale ya chapa, ila palipokuwa na "mwandishi wetu" wao waliandika "mwandishi wetu mwenyewe".

Mtawanya akatega mtego. Siku moja Tarumbeta liliripoti kwamba meli imeshusha punda mia nne waliovaa miwani, walioagizwa na Wizara ya Elimu kuziba upungufu wa walimu. Mchana Kengele likaripoti hayohayo, likaongeza kwamba mwandishi wao mwenyewe amezungumza na mmoja wa punda hao, aliyesifu ukarimu wa wenyeji. Kesi ikaenda mahakamani. Jaji alitafakari, akatamka kwamba tukio ni la Mungu, lakini jasho la kulifuatia ni la mtu, basi aliyetoa jasho aachiwe habari yake mpaka jua kuzama, kisha iwe ya wote. Wizara ya Elimu ilisikitika tu kwamba punda hawakuwapo.

Hukumu hiyo ilikuwa na haki, na watu wangeweza kuishi nayo. Lakini mwonja asali haonji mara moja. Mtawanya aliomba muda usogezwe hadi kesho yake, kisha hadi juma, kisha hadi mwezi, na kila alipoomba, wabunge waliotaka picha zao zitoke vizuri gazetini walinyoosha mikono. Hatimaye ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Habari. Hii haikulinda maneno ya gazeti tu, ililinda tukio lenyewe. Tukio likawa mali ya aliyewahi kulisajili, na mpaka atakapolichapa, mtu mwingine hakuruhusiwa kulisema, kulidokeza, kulionyesha kwa kidole wala kulitazama kwa namna ya kuelewa. Lini atalichapa, hilo aliachiwa mwenyewe, kwa sababu mwenye shamba ndiye ajuaye siku ya kuvuna.

Waziri wa Habari na Utulivu, Mheshimiwa Dokta Kanali Mstaafu Anselimu Kaluse, aliizindua sheria hiyo uwanjani.

"Ndugu wananchi," alisema, "habari isiyo na mwenyewe huzurura. Huingia nyumba za watu bila hodi. Huwakuta mmelala, huwakuta mnakula, huwakuta mnafikiri. Serikali yenu sikivu imeamua kwamba kuanzia leo hakuna habari itakayowafikia bila mpango."

Wananchi walipiga makofi kwa mpango. Tangu siku hiyo, ukimsabahi mtu kwa kumuuliza habari za asubuhi, alikujibu kwamba zina mwenyewe. Soko la mitumba liliposhika moto, habari ya moto ilikuwa ya bwana mmoja aliyekuwa safarini. Zimamoto walikaa kwenye gari lao wamevaa kofia, wakinusa moshi ambao kisheria hawakuwa na taarifa nao, na mwenye habari aliporudi akawapa ruhusa, walikwenda kumwagilia majivu.

*

Usajili wenyewe haukufanywa kwa karatasi, maana karatasi husomwa na wasiohusika. Ulifanywa kwa kunong'ona. Mwenye tukio aliingia chumba kisicho na dirisha, akainama, akalinong'oneza kwenye sikio la afisa mmoja tu. Afisa aligonga kengele ndogo ya shaba, na hapo tukio likawa mali. Afisa huyo aliitwa Sikio la Taifa, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Idarusi Mkwaya.

Idarusi alikuwa mtu mnene wa sauti ndogo. Alipewa nyumba ya serikali Kilimani, penye baraza pana, na kofia ya mahameli yenye mabawa ya kufunika masikio, yaliyotariziwa nembo ya taifa, naye aliivaa kila atokapo kazini ili lisiingie la bure. Kichwani mwake yalikaa mambo yote ya nchi: daraja lililooza, dawa za hospitali zilizokuwa chokaa, mtihani uliouzwa. Hakumwambia mtu. Mkewe alivumilia miaka kadhaa ya kumuuliza siku imekwendaje, kisha akarudi kwao.

Nyumbani kwao Idarusi ni Kitopeni, kitongoji cha wakulima wa mpunga kilichojibanza bondeni chini ya bwawa. Watu wa Kitopeni walikuwa na desturi moja iliyowashinda wamisionari, masheikh na maafisa wa maendeleo. Mtu akifa, wanawake hutoka nje na kulia kwa sauti, na katika kilio humtaja marehemu, hutaja kilichomuua na hutaja msiba uliko. Kilichomuua lazima kitajwe ili kifo kione haya, kisirudi kwa mlango uleule. Na asikiaye kilio hubeba mkeka na chungu akaenda kukaa msibani mpaka matanga yaanuliwe. Hakuna udhuru. Hata kama uligombana na marehemu unakwenda, na kama mligombana sana unakwenda mapema zaidi.

Kiongozi wa kilio Kitopeni alikuwa Bi Sikudhani, mama yake Idarusi. Sauti yake ilivuka mto. Lakini kwa mwanawe haikuvuka tena, na sababu ilikuwa hii. Mkwaya mzee, baba yake Idarusi, alilazwa hospitali kuu mjini. Asubuhi moja wakala wa Tarumbeta aliingia kwa Sikio la Taifa, akainama na kunong'ona kwamba mzee Mkwaya wa wodi ya wanaume amefariki. Idarusi aligonga kengele. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyozoea. Kuanzia hapo kifo cha baba yake kikawa mali ya ukurasa wa tanzia, na yeye alikaa na siri hiyo mpaka gazeti lilipotoka, Bi Sikudhani akasomewa na jirani wakati mumewe keshazikwa na manispaa. Alipotoka kulia, wakaguzi wa habari walimkamata kwa kutangaza chanzo cha kifo bila kibali.

Idarusi aliona aibu iliyomkosesha usingizi. Alikwenda kumtoa mama yake mahabusu, na akatumia cheo chake chote kuingiza kifungu kimoja katika sheria: waombolezaji wasiguswe kwa wanalolitamka katika kilio, mradi marehemu awepo na matanga yasiwe yameanuliwa. Bunge lilikipitisha haraka, kwa kuwa hakuna mbunge aliyetaka kuzikwa kimyakimya. Bi Sikudhani hakushukuru. Tangu hapo hakumwita mwanawe kwa jina, alimwita Afisa, na chakula chake hakumpakulia tena.

*

Mwaka mmoja mvua zilinyesha kama zilizotumwa. Asubuhi moja Bwana Mtawanya mwenyewe aliingia chumba cha kunong'ona, akapangusa miwani, akainama.

"Bwawa lina ufa," alinong'ona. "Mkono unapita."

Idarusi aliona jiko la mama yake, ungo ukutani na kitanda cha kamba kilicho hatua chache tu kutoka mtoni. Hata hivyo mkono wake ukaigonga kengele.

Ufa huo ulionwa na mlinzi wa bwawa, Matiku, ambaye kabla hajamaliza kuushangaa alikuwa ameshauzungumza na mwandishi wa Tarumbeta aliyekaa pale kwa kazi hiyo. Dhamira ikamsumbua, akateremka mbio mpaka sokoni Kitopeni. Alisema, "Jamani, bwawa," na hapo wakaguzi wakamkamata kwa ukiukaji. Watu wa Kitopeni wakabaki wanajua kwamba kuna bwawa, jambo ambalo walikuwa wanalijua. Wahandisi wa serikali nao walikaa ofisini na saruji yao, maana kumwomba mhandisi azibe ufa ni kumdokeza kuwa upo.

Idarusi alimfuata Mtawanya ofisini. Kwa kuwa kiapo cha kazi kilimkataza kulitaja tukio hata kwa mwenyewe, aliuliza kama ile mali ya asubuhi ingeweza kutoka mapema, kesho kwa mfano. Mtawanya alimkaribisha chai. Alimweleza kwa upole kwamba toleo la Jumamosi ni la maadhimisho, limeshachapwa kwa rangi, na ukurasa wa mbele una picha ya bwawa lenyewe na maneno BWAWA LETU, FAHARI YETU. Hawezi kutoa ufa kabla ya fahari kuuzwa.

"Halafu fikiri kibiashara, ndugu yangu Sikio," alisema. "Leo nikitoa ufa, nimeuza ufa. Nikisubiri nitauza mafuriko, na ufa nitauweka ukurasa wa ndani. Yote mali yangu."

Alikuwa si mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu, na aliagiza Sikio apewe andazi la njiani.

Idarusi akaenda kwa Waziri. Dokta Kanali Mstaafu Kaluse alipoona uso wa Sikio la Taifa umelowa jasho alijua anakuja na jambo, na papo hapo akajitia vidole masikioni. Alisema kwa sauti ya mtu asiyejisikia kwamba yeye ndiye msimamizi wa sheria, hawezi kuwa wa kwanza kuivunja kwa kuambiwa. Aliendelea kusema hivyo mpaka mlinzi alipomsindikiza mgeni nje.

Njia nzima Idarusi alijiambia kwamba sikio halipiti kichwa, na kwamba wakubwa wanajua wanachofanya. Alijiambia hayo mpaka alipofika kwake barazani. Akaketi akitazama mvua ikiteremka kuelekea bondeni, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Angeweza kumchukua mama yake peke yake. Lakini alimjua: asingenyanyua mguu Kitopeni akiwaacha majirani bila kuwaambia sababu, na akiwaambia, wakaguzi wangemnyamazisha kwenye neno la pili kama Matiku. Ndipo alipokumbuka kifungu chake.

*

Alifika Kitopeni mchana, mvua ikiendelea. Bi Sikudhani alikuwa jikoni akipepeta mchele. Wakaguzi wawili wa kitongoji walisimama nje ya dirisha chini ya mwavuli mmoja, kwa sababu walikuwa na haki ya kusikiliza.

"Karibu, Afisa," alisema bila kuinua uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Idarusi alivua kofia ya mahameli, akaishika mapajani. "Nimekuja kukuomba unililie."

"Nikulilie una nini?"

"Nimekufa."

Ungo ukasimama. Bi Sikudhani alimtazama juu mpaka chini, kiatu kwa kiatu. "Umekufa lini?"

"Karibuni tu."

"Umekufa kwa nini?"

"Maji."

"Maji ya wapi?"

Idarusi alitazama jiko, akatazama mafiga, akatazama dari, kuku na wakaguzi dirishani. Mahali pamoja tu hakupatazama, nako ni juu ya bonde, kwenye ukuta wa bwawa, uliokuwa umejaa mlango mzima mbele yake.

"Mimi maiti, mama," alisema. "Maiti hasemi."

Bi Sikudhani aligeuka polepole, akatazama pale mwanawe aliposhindwa kupatazama. Akayakumbuka na yale maneno mawili ya Matiku.

"Na msiba uko wapi?" aliuliza.

"Kwangu, Kilimani. Waje wote, mama. Waje na mikeka, na watoto, na wagonjwa wabebwe."

"Na kuku?"

"Na kuku."

"Msiba mkubwa huo."

"Mimi ni afisa mkubwa."

Bi Sikudhani aliweka ungo chini. "Mficha maradhi kilio humfichua," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Alijifunga khanga ya pili kiunoni, akatoka nje, akasimama penye tope katikati ya njia, na sauti ambayo Kitopeni haikuisikia tangu alipokamatwa ikapanda:

"Oo Idarusi wangu, Idarusi wa Mkwaya,
umechukuliwa na maji, maji yaliyofungwa ukutani.
Ukuta umechoka, mwanangu, ukuta umetoboka jicho,
maji yamechungulia, yamekuona, yanakuja.
Msiba uko Kilimani, njooni na mikeka yenu,
asiyenifikia leo asinifikie kesho."

Mkaguzi wa kwanza alichomoa pingu. Wa pili alimshika mkono, akamkumbusha kwamba kilio kina kinga, mradi marehemu awepo. Wa kwanza akauliza marehemu yuko wapi. Wa pili akanyoosha kidole jikoni, kwa Idarusi, aliyekuwa amesimama akikunja kofia. Walitazamana. Mkubwa wao wa kazi alikuwa ametamka mbele yao kwamba amekufa, na si kazi ya mtu wa ngazi ya chini kubishana na taarifa ya mkubwa. Wakavua kofia zao.

"Mungu amlaze pema," alisema wa kwanza.

"Amina," alisema Idarusi.

Milango ikafunguka. Wanawake walidakia kilio nyumba kwa nyumba, wanaume wakaviringisha mikeka. Hawakumpenda Idarusi, lakini msiba ni msiba. Wazee walibebwa migongoni, wagonjwa kwa machela, na kuku waliokwenda msibani siku hiyo walikuwa wengi kuliko desturi inavyodai. Njia ya Kilimani ikajaa. Maafisa wa huko walichungulia madirishani wakaona Kitopeni nzima inapanda na vyungu kichwani, wakafunga mapazia.

Idarusi alitangulia kwa njia ya mkato, akalala sebuleni kwake, akafunikwa shuka. Wafiwa walijaa kuanzia sebule mpaka baraza mpaka bustani ya serikali. Huko chini ya shuka, Sikio la Taifa lilisikia kwa mara ya kwanza habari zake mwenyewe. Mmoja alisema marehemu alikuwa na shingo ngumu tangu chuoni. Mwingine akasema alimgongea kengele baba yake mzazi, na Mungu anamwona. Hayo yalimchoma, na yalikuwa kweli. Lakini juu ya maneno yote ilikuwa sauti ya mama yake, na kila mstari ulikuwa na jina lake ndani: Idarusi, Idarusi wangu. Alilia kimya mpaka shuka ikalowa usoni, na aliyekaa karibu akawaambia wenzake kwamba maiti ya maji huwa hivyo.

Jua lilikuwa bado halijazama ngurumo iliposikika kule juu. Watu walitoka barazani. Waliona ukuta wa bwawa ukikaa chini kama mzee aliyechoka kusimama, kisha maji yakaja, na Kitopeni haikuwapo. Mashamba yalikwenda, nyumba zilikwenda, soko likaenda. Walianza kuitana majina, ukoo kwa ukoo, na kila jina lililoitwa liliitikia. Matiku, aliyeona yote kwa dirisha la mahabusu ya Kilimani, aliitikia kutoka huko. Bi Sikudhani hakunyamaza hata punde, asije akaharibu kinga.

*

Jumamosi toleo la maadhimisho likatoka kwa rangi, na wauzaji wakalipitisha kwa mtumbwi juu ya mahali palipokuwa soko. Mtawanya alikimbilia kusajili mafuriko, akakuta Sikio limekufa na kengele imefunikwa kitambaa cheusi. Lakini vifo vya maafisa vilikuwa vya Tarumbeta kwa mkataba wa zamani, bila haja ya kusajili. Basi akachapa kifo: SIKIO LA TAIFA LAZIMIKA. Gazeti hilo liliisha asubuhi ileile, likachapwa tena. Kisha akawashtaki Bi Sikudhani na wanawake wenzake kwa kutangaza ufa wake.

Kesi ilisikilizwa na Jaji Kilatu. Wakili wa Mtawanya alisema kinga ya kilio haipo, kwa kuwa marehemu amekaa benchi la pili, kavaa kanzu.

"Una uthibitisho gani kwamba yu hai?" aliuliza Jaji.

"Anapumua, Mheshimiwa."

"Hiyo ni habari. Imesajiliwa?"

Haikuwa imesajiliwa. Isingeweza, maana wa kusajili ni Sikio, na Sikio jipya haliwezi kuteuliwa mpaka la zamani lithibitishwe limekufa. Jaji akainua nakala ya Tarumbeta, akamuuliza Mtawanya kama anakiri mbele ya mahakama kwamba gazeti lake limesema uongo. Mtawanya akajibu kwamba Tarumbeta halijawahi kusema uongo tangu wale punda.

Jaji akamgeukia mtu wa benchi la pili. Alimwambia kwamba sheria inampa nafasi moja ya kusema yeye ni nani. Akisema yu hai, atarudishiwa nyumba, cheo na kofia, na waombolezaji watakwenda jela. Waziri, aliyekaa mbele, alimwinamia kichwa kwa urafiki.

Idarusi alisimama. Alimtazama mama yake kizimbani, khanga zake bado zina tope la Kitopeni. Miaka yote alikaa kimya kwa sababu aliogopa, na alijua hivyo. Siku hiyo alikaa kimya kwa kupenda.

"Mheshimiwa," Bi Sikudhani alisema, "unamsumbua mwanangu, naye ni maiti."

Jaji aliandika kwamba marehemu ameitwa na hakujibu. Wanawake wakaachiwa, Matiku naye akatolewa, na juma lilelile Sikio jipya likaapishwa, kijana mtiifu mwenye masikio madogo.

*

Marehemu alirudi Kitopeni na mama yake, wakajenga kibanda penye tope. Siku ya kwanza walipopika, Bi Sikudhani alipakua wali, akaweka sahani mbele yake.

"Kula, Idarusi," alisema.

Akala mpaka sahani ilipokwisha.

Matanga yake hayajaanuliwa. Kila inapofika siku ya kuanua, wanawake wa Kitopeni hukuta bado wana uchungu. Mkeka umetandikwa mbele ya kibanda tangu siku hiyo, na jioni marehemu huketi juu yake. Yote yaliyokuwa kichwani aliyatoa moja moja, na wanawake wakayaingiza katika kilio: daraja lilivyooza, dawa zilivyo chokaa. Watu wakaacha kupita daraja lile. Yalipokwisha, wenye kujua mengine wakaanza kuja wenyewe kutoka pande zote za nchi, wakiinama na kumnong'oneza marehemu, naye hana kengele ya kugonga. Wakaguzi husimama pembeni, kofia mkononi. Bungeni palitolewa hoja ya kuwakataza maiti kusema, ikakwama ilipoulizwa nani atawapelekea hati.

Serikali ilijenga bwawa jipya, na chini yake, penye upepo mzuri, Waziri akajijengea nyumba ya kustaafia. Habari za ukuta huo mpya zilisajiliwa na mkandarasi tangu jiwe la msingi, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumwambia Waziri chochote.

Jioni moja ya mvua gari jeusi lilisimama Kitopeni. Dokta Kanali Mstaafu Kaluse aliteremka peke yake, kavaa miwani ya jua. Alisita ukingoni mwa mkeka, akakohoa. Alisema amepita tu, kisha akasema amekuja kumpa marehemu pole, kisha sauti ikampungua akauliza kama marehemu amesikia lolote kuhusu ule ukuta, maana usiku anasikia kitu kama maji.

Idarusi alimtazama mama yake.

Bi Sikudhani alisogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Vua viatu kwanza, Mheshimiwa," alisema. "Hapa ni msibani."